Bunduki ya Ratili Tano

Kazi yangu ilikuwa vitako, ile sehemu ya bunduki inayokaa begani. Kila kitu kingine kwenye bunduki, kuanzia mtutu hadi skrubu ndogo ambazo ukidondosha moja unapiga magoti sakafuni nusu saa, alikuwa anatengeneza shemeji yangu, Wendell Aasgaard. Mume wangu Orrin alikuwa mdogo wake. Orrin alipofariki nilikaa ndani miezi miwili bila kufungua mapazia, mpaka Wendell akaja, akasimama mlangoni na buti zake zenye theluji, akaniambia ana vitako vitatu vinavyongoja kupigwa msasa na yeye hana subira ya msasa. Nilikwenda kumsaidia kwa wiki moja. Nikakaa miaka kumi na tisa.

Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba yake, katika bonde la Bitterroot, Montana. Watu walitufuata kwa sababu bunduki zetu zilikuwa nyepesi. Wateja wetu wengi walikuwa na miaka hamsini na kitu, magoti yameshaanza kugoma, lakini bado walitaka kupanda kule juu kwenye majabali waliko kondoo wa milimani. Mtu wa namna hiyo anakata hata mpini wa mswaki wake ili mkoba upungue uzito. Ukimpunguzia wakia tatu kwenye bunduki, anakukumbuka hadi kwenye sala.

Majira ya baridi ya mwaka ninaousimulia, Wendell alikuwa ameshikwa na jambo moja. Alitaka bunduki kamili, na darubini yake juu, isiyozidi ratili tano. Alikuwa ameshakereza mtutu ukawa mwembamba kama alivyothubutu, na komeo, chuma kinachofunga risasi ndani ya mtutu, amelitoboa matundu. Mimi nilikuwa nimeshapunguza tabaka za kaboni kwenye kitako hadi nikasema basi. Bado tulikuwa tumezidi wakia mbili. Kilichobaki ni kasha la kifyatulio, kijisanduku cha chuma ambamo hukaa ulimi mdogo unaoizuia pini isiruke na kupiga risasi. Wendell akalitengeneza upya kwa alumini, kwa mikono yake mwenyewe. Mizani ikasoma ratili tano kamili. Siku hiyo aliimba, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu Orrin alipokuwa hai.

Alitengeneza tano za aina hiyo. Nne zilikuwa za wateja, ya tano akajiwekea.

Mwezi wa Februari nilikuwa naifunga ile ya nne kwenye kitako chake. Ilikuwa tupu, haina risasi, imekokiwa tu, na kizuizi cha usalama kimewekwa. Nilipoisimamisha sakafuni, kitako kikagonga saruji kwa nguvu kidogo, na nikasikia kitu ndani yake kikilia: ta. Pini ilikuwa imeruka.

Nilisimama nikaitazama. Kisha nikajiambia ni mkono wa sweta yangu, umegusa kifyatulio. Nikaikoki tena, nikaigongesha. Kimya. Nikarudia mara ya tatu. Kimya. Wendell alikuwa kwenye mashine ya kukereza, amevaa vifuniko vya masikio, amenipa mgongo, anatikisa kichwa kwa wimbo wake.

Sikumwita. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na sina jibu moja. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumebishana kuhusu unene wa kitako, akanicheka mbele ya mteja, akasema, "Huyu shemeji yangu angekuwa anatengeneza baiskeli angeziwekea magurudumu sita." Mteja akacheka, nami nikacheka. Labda sikutaka kuitwa mwoga mara mbili. Labda sikutaka aache kuimba. Niliifunga ile bunduki, nikaifuta vizuri, nikaiweka kwenye sanduku lake. Ilikwenda kwa mwalimu mmoja wa hesabu huko Helena, aitwaye Leland Stroud.

Simu yake ilikuja Septemba. Nilikuwepo, na Wendell aliweka sauti ya simu wazi kwa sababu mikono yake ilikuwa na gundi. Leland hakupiga kelele. Alieleza taratibu, kama anayesoma swali la mtihani. Yeye na mkewe Corinne walikuwa wanavuka mteremko wa mawe yaliyolegea. Bunduki ilikuwa begani mwake, mdomo juu, risasi ndani, kizuizi kimewekwa. Aliteleza, akaangukia makalio. Kitako kikagonga mwamba. Corinne alikuwa nyuma yake kidogo, upande wa juu, ameshika jiwe ili asiteleze naye. Risasi ilipita kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto. Leland aliufunga kwa mkanda wake wa suruali, helikopta ikaja. Madaktari walijaribu siku mbili, siku ya tatu wakaukata.

"Mke wangu anafanya kazi saluni," Leland alisema. "Kizuizi kilikuwa kimewekwa, Wendell. Niambie inawezekanaje."

Wendell akamwambia hajui, na kwamba atajua.

Alichukua ile ya tano, akahakikisha haina kitu, akaikoki, akaweka kizuizi, akaanza kukigonga kitako kwa nyundo ya mpira. Aligonga mara arobaini. Haikutokea chochote. Nilimwona mabega yakishuka, kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba ni mafua tu. Ningeweza kumwacha hapo. Lakini nilimwambia, "Kule juu kulikuwa na baridi."

Akaiweka ndani ya friza, juu ya nyama ya elki, kulungu mkubwa wa kwetu, ya mwaka uliopita, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa akangoja saa mbili. Alipoitoa, pigo la kwanza tu: ta. Akakoki, akagonga: ta. Aliendelea kugonga, hata baada ya kuwa hakuna cha kujua tena, na mimi nikamshika mkono.

"Kwenye baridi alumini inanywea kuliko chuma," alisema. "Ulimi unabaki umeshikilia kwa ncha. Mtoto wa shule anajua hilo. Mimi nilijua hilo."

Siku ile ile Wendell aliiarifu kampuni yake ya bima, na wakili wao akampigia. Alimwagiza asiwasiliane na mteja yeyote, asiandike chochote, asikiri chochote, kwa sababu kila neno litasomwa mahakamani. Wendell alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akakata simu, akainua simu hiyo hiyo akampigia mteja wa kwanza. Huyo alikuwa daktari wa Wyoming. Alimtukana, kisha akaahidi kuirudisha kesho yake, na kweli aliirudisha. Wa pili, mwanamke wa Alberta, alisema yake bado haijawahi kutoka kabatini. Akaitoa komeo hapo hapo tukiwa tunamsikia.

Wa tatu hakupokea. Alikuwa Ambrose Kittredge, mzee wa miaka sabini na miwili, aliyefanya kazi ya kugawa barua maisha yake yote. Hatimaye tulimpata mpwa wake. Akatuambia mjomba ameondoka siku nne zilizopita, yuko Ziwa la Hollister, peke yake na llama wake, mnyama wa mizigo anayefanana na ngamia mdogo. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, jina lake lilikuwa limetoka kwenye bahati nasibu ya vibali vya kuwinda kondoo wa milimani. Alikuwa ameliingiza kila mwaka kwa miaka thelathini na minne.

Kule juu hakuna simu. Tuliondoka asubuhi iliyofuata.

Ni maili tisa kutoka barabarani, nyingi zikiwa za kupanda. Wendell alikuwa na miaka sitini na moja na nyonga mbovu. Juu ya mkoba wake alifunga bunduki ya zamani ya baba yake, ya mti wa jozi na chuma kitupu, ratili tisa na nusu. Nilimuuliza anaibebea nini. Akasema huwezi kwenda kumnyang'anya mtu bunduki mlimani ukiwa mikono mitupu.

Katika maili ya nne tuliketi kando ya kijito tunywe maji. Nilikuwa nimeyabeba maneno yale tangu simu ya Leland, na niliona nikipanda nayo zaidi nitashindwa.

"Shemeji," nilimwambia. "Ile ya nne. Niliisikia."

"Uliisikia nini?"

"Mwezi wa Februari. Niliisimamisha chini, pini ikaruka. Nikajiambia ni sweta yangu."

Alikuwa anafunga kamba ya buti. Akaifungua, akaifunga tena.

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Nikajaribu tena mara mbili, haikufanya."

"Ilikuwa imetoka wapi?"

Sikumwelewa.

"Kabla hujaishika. Ilikuwa ndani na sisi au stoo?"

Nikakumbuka. Ilikuwa imelala stoo usiku kucha, na stoo haina moto. Nilipokuwa nikijaribu mara ya pili na ya tatu, ilikuwa imeshapata joto la mikono yangu na la karakana. Nilimwambia hivyo. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama vile hesabu imetoka sawa, akasimama, akavaa mkoba. Hakusema neno lingine kwa maili tano. Ningependa angenitukana. Nilimfuata nikitazama visigino vyake, na kwa kila hatua nilikuwa nauona mkono ambao sijawahi kuuona, umeshika jiwe.

Tulimkuta Ambrose mchana kwenye kambi yake kando ya ziwa, anapika maharage, llama amefungwa kwenye msonobari. Ile bunduki ilikuwa imeegemezwa kwenye gogo, mita moja kutoka alipoketi. Alifurahi kutuona. Alidhani tumekuja kumtazama akiwinda.

Wendell alimwomba kwanza atoe risasi, ndipo akamweleza yote, bila kupunguza. Alimweleza habari ya Corinne pia. Ambrose alisikiliza huku anakoroga maharage.

"Umetembea maili tisa kuja kuniambia kitu chako ni kibovu," alisema. "Wenzako hutuma barua, Wendell. Na ningekuwa bado kazini, barua yenyewe ningejiletea mwenyewe."

"Nataka unipe, mzee. Nimekuletea nyingine."

"Hii nimepiga nayo risasi sitini. Haijanifanyia ujinga wowote."

"Ilikuwa kiangazi."

Ambrose hakupenda jibu hilo. Alisimama, akaichukua, akatazama ndani mara mbili kuona ni tupu, akaikoki, akaweka kizuizi. Asubuhi hiyo ziwa lilikuwa limeganda ukingoni, na bunduki ilikuwa imekaa kivulini. Akakigongesha kitako kwenye jiwe. Kimya. Akatutazama. Akakigongesha tena. Kimya. Akaanza kutabasamu. Mara ya tatu ikalia, ta, sauti ndogo kabisa, na llama akageuza masikio.

Mzee aliketi. Akatazama ng'ambo ya ziwa, kwenye ukuta wa mwamba.

"Leo asubuhi nilipanda pale," alisema. "Kuna mahali unahitaji mikono yote miwili. Niliifunga kamba, nikapanda, kisha nikaivuta. Ilikuwa inagonga mwamba njia nzima. Mdomo wake ulikuwa unaniangalia."

"Ilikuwa na risasi?" Wendell aliuliza.

"Nilikuwa nimeona kondoo. Wewe unadhani nini?"

Maharage yalianza kuungua, nikayaepua. Hakuna aliyeyataka.

Hasira yake ilikuja baadaye, na ilikuwa ya polepole. Alimwambia Wendell kwamba miaka thelathini na minne ni muda wa kumzaa mtoto, kumsomesha na kumzika mke, na yeye amefanya yote hayo huku anangoja karatasi moja ya kibali. Kwamba aliuza mashua yake apate bunduki ambayo mzee anaweza kuipandisha mlimani. Kisha akainyanyua ile ya baba yake Wendell, akaipima mikononi. "Hii ni nguzo ya uzio," alisema. "Nani ataibeba? Wewe na nyonga yako?"

"Nitaibeba mimi," nikasema.

Asubuhi iliyofuata niliibeba. Tulizunguka kwa njia ndefu ya mgongo wa mlima kwa sababu Ambrose hakutaka tena kuupanda ule mwamba. Alikuwa anasimama kila hatua mia moja, mkono kifuani, anajifanya anatazama mandhari. Wendell tulimwacha kambini. Nyonga ilikuwa imekataa. Saa nne tuliwaona: madume watatu wamelala juani chini ya ukingo, pembe zao zimejikunja mduara mzima. Bado walikuwa mbali mno. Ilituchukua saa nyingine mbili kufika mahali pa kupigia, na tulipochungulia palikuwa na mawe tu. Walikuwa wamevuka upande wa pili, kwenye bonde ambalo kibali chake hakikulifikia.

Ambrose alitazama kwa darubini yake kwa muda mrefu baada ya kuwa hakuna cha kutazama.

"Jana walikuwa hapa saa moja," alisema. "Na ile nyepesi ningekuwa hapa saa moja."

Ilikuwa kweli.

Aliteremka pamoja nasi siku iliyofuata. Magoti hayakumruhusu kuendelea. Njia nzima hakutaka tumsaidie mzigo wowote. Tulipofika kwenye magari alimfunga llama kwenye trela, akamkabidhi Wendell ile bunduki, akasema hatamshitaki, lakini asimpigie simu tena. Jina lake halijatoka tena tangu wakati huo.

Ilibaki Helena. Wendell alikuwa ameshamwandikia Leland kumweleza alichokigundua, pamoja na kasha lenyewe na michoro yake. Wakili aliposikia aliacha kabisa adabu. Jibu la Leland lilikuwa mistari miwili: mke wangu anataka kumwona aliyeitengeneza. Tukaenda Oktoba. Garini, kwa mara ya kwanza tangu kule kijitoni, Wendell aliligusa lile jambo.

"Kasha nililitengeneza mimi," alisema. "Wewe hukubuni chochote. Huko ndani nitaongea mimi, wewe nyamaza."

"Alisema anataka kumwona aliyeitengeneza. Tuliitengeneza wawili."

"Utamwongezea tu maumivu, shemeji. Utajipunguzia wewe, yeye utamwongezea."

Maneno hayo yalinikaa. Hata sasa sijui kama hakuwa amesema kweli.

Corinne Stroud alikuwa mwanamke mrefu, nywele zake zimekatwa fupi sana. Mkono wa shati lake la kushoto ulikuwa umekunjwa na kubanwa. Alitumiminia kahawa mwenyewe, polepole, na mumewe alikuwa amekaa juu ya viganja vyake, naona ili asiinuke kumsaidia. Wendell alieleza. Hakutaja baridi kama kisingizio wala hakusema mtu asipande na risasi ndani, ingawa wawindaji wengi wangelisema hilo kwanza. Alisema aliondoa chuma mahali ambapo hakupaswa kukiondoa, kwa ajili ya wakia mbili, na kwa sababu alitaka kusema ameweza. Corinne alimuuliza maswali mawili matatu, ya akili, akayajibu.

Kisha mimi nikasema langu. Nilisema yote, pamoja na sweta.

"Februari," Corinne alisema.

"Ndiyo."

"Tarehe ngapi?"

"Sikumbuki. Katikati ya mwezi."

Alitazama kikombe chake. "Katikati ya mwezi nilimsuka binti ya dada yangu, alikuwa anaolewa. Kazi ya saa tatu. Kila mtu aliniuliza nimefanyaje." Akakisogeza kikombe kando. "Ungemwambia nini huyu? Kama ungemwambia?"

"Ningemwambia, shemeji, hebu njoo uone."

"Hayo tu."

"Hayo tu."

Leland aliinuka akatoka nje. Tulimwona dirishani amesimama uani, hafanyi chochote. Corinne hakulia wala hakunitukana. Alituonyesha mlango kwa upole, na pale kizingitini akamwambia Wendell, "Wewe nimekuelewa. Huyu bado sijamwelewa." Alisema hivyo akinitazama mimi.

Nilitoa ushahidi wangu mbele ya mawakili mwezi wa Desemba, nikiwa nimeapa. Baada ya hapo kesi waliyofungua akina Stroud haikuchukua muda. Kampuni ya bima ilikubali kulipa, haikutaka ifike mahakamani mbele ya baraza la raia wa Helena. Wendell alizikata zile bunduki tano kwa msumeno wa chuma, kila moja vipande vinne, na aliuza mashine kwa fundi wa Idaho. Siku hizi anatengenezea wakulima bunduki zao za zamani, nzito, kwenye gereji yake. Hatengenezi mpya. Mimi natengeneza vitako vya karakana nyingine huko Hamilton. Nilimwandikia Corinne mara mbili. Hajajibu, na sidhani kama nina haki ya kuandika mara ya tatu.

Jumapili Wendell anakuja kula kwangu, kama alivyokuwa akija wakati wa Orrin. Kwa muda mrefu tulikuwa tunaongea habari za theluji na za bei ya kuni. Mwaka jana, tukiwa mezani, nilimuuliza moja kwa moja kama ananilaumu.

Alitafuna akamaliza.

"Siku nyingine ndiyo," alisema. "Siku nyingine najilaumu mwenyewe, hata wewe sikukumbuki. Leo sijaamua. Nipe viazi."

Nikampa.